Povu la Mke Mdogo

Saa mbili asubuhi Sajini Nakaale alikuwa na vitu vitatu mezani pake: chupa ya soda yenye maji meupe ndani, orodha ya majina kumi na mawili, na kikombe cha chai ambacho mahabusu alikuwa anakikosoa.

"Majani umetia mapema mno," Akaale alisema. "Hii ni chai ya kulishia wagonjwa."

"Mama, hapa mimi ndiye nauliza."

"Uliza, afande. Mimi nakusaidia tu."

Akaale alikuwa amekamatwa jana yake saa kumi jioni kwenye kibanda chake cha chai, karibu na stendi ya Lodwar. Sheria inampa polisi saa ishirini na nne. Leo ikifika saa kumi, ama anasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kujaribu kuua, ama anarudi kwenye sufuria zake. Aliyedaiwa kutiliwa sumu ni Arek, mke mwenzake, anayekaa Kakuma. Aliyeandikisha mashtaka ni mume wao wote wawili, Ekidor, mfanyabiashara wa mbuzi. Sumu, kwa maneno ya Ekidor, ilikuwa kwenye maziwa.

Sajini aligonga orodha kwa kalamu.

"Watu kumi na wawili wanasema ulimwombea Arek mabaya."

"Kumi na wawili tu? Siku hiyo kibanda kilijaa."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema. Nilisema augue, nywele zimtoke, na Ekidor amkute akiwa anatapika. Sasa afande, kama kuomba ni kesi, leta wake wote wakubwa wa Lodwar. Tutabanana humu ndani, lakini tutafurahi."

Sajini akasogeza chupa. Ilikuwa imepatikana chini ya kitanda cha Akaale. Kaka yake Arek alikuwa ameiona picha yake kwenye simu akasema ndiyo hiyo hiyo, maana ukiimimina kwenye maziwa nani ataona?

"Hii?"

"Dawa ya kupe. Nina mbuzi wanne nyuma ya nyumba, nawaogesha. Nusa."

Sajini alikuwa ameshanusa. Kichwa kilikuwa bado kinamgonga. Mtu akitiliwa ile kwenye maziwa, ataisikia kabla kikombe hakijafika mdomoni, na akiinywa kwa nguvu, povu na mate vitamtoka siku hiyo hiyo. Arek alikuwa anaumwa kwa mwezi wa tatu sasa.

"Mara ya mwisho kufika Kakuma?"

"Krismasi ya mwaka juzi. Nilimpelekea kibuyu cha maziwa. Nilikifukiza mimi mwenyewe kwa moshi, vizuri kabisa, vile mke mkubwa anafanya. Alikipokea na vidole viwili, hivi, kama nimempa panya." Akaale akakunja uso kuonyesha. "Afande, mimi huwa naletewa maziwa ya unga. Ya mfuko. Yeye anapelekewa ya mbuzi, yamekamuliwa sasa hivi, bado moto, na povu juu. Miaka ishirini na mbili mimi ni mke wa huyo mtu. Sijaona povu."

Sajini aliandika neno moja tu kwenye daftari: *povu*.

Ekidor alikuwa anangoja kwenye baraza. Jua la Lodwar lilikuwa limeshaanza kazi yake, mbwa wamehamia chini ya gari, lakini Ekidor alikuwa amevaa jaketi zito na shuka pana kiunoni.

"Ejoka, mzee," Sajini alimsalimu kwa Kiturkana. "Keti."

"Ejok. Nitasimama."

"Benchi ni bure."

"Nitasimama, afande."

Akasimama, miguu ameiachanisha kama mtu anayevuka mfereji. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola.

"Kwa nini unasema ni Akaale?"

"Ni mwenye wivu. Wivu yake ni kali sana. Tangu nioe Arek, kila kitu yangu inaharibika. Mbuzi wanatupa mimba. Bibi anaumwa, mimba yake ya miezi minne imetoka. Na mimi mwenyewe amenifunga..." Akaivuta shuka kiunoni.

"Amekufunga nini?"

"Biashara. Amenifunga biashara."

Sajini akaandika tena. "Twende Kakuma, mzee. Jibu lipatikane kabla ya saa kumi."

Kutoka Lodwar mpaka Kakuma lami ni nzuri siku hizi, lakini Ekidor hakuifaidi. Alisafiri safari nzima amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, amekumbatia kiti cha mbele, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada ni ndefu. Dereva alimwangalia kwenye kioo mara mbili. Sajini hakuhitaji kioo.

Arek alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya nyumba ya mabati, mwanamke mrefu wa miaka ishirini na sita ambaye mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kujitokeza. Kaka yake, Dhieu, alikuwa amekaa mlangoni kama kufuli. Nje ya mlango ilisimama pikipiki ya Ekidor. Kwenye kiti chake alikuwa ametulia kuku mwekundu, na chini ya kuku kulikuwa na nyasi.

Sajini aliinua kuku kidogo. Mayai saba. Akamrudisha.

"Dada, nieleze ugonjwa."

"Jioni inakuja," Arek alisema. "Baridi, halafu moto, halafu maji. Nakamua shuka mara mbili. Mgongo, magoti, yote inalia. Asubuhi, khalas, imeondoka. Naweza kupika. Naweza kugombana."

"Anagombana sana," Dhieu alisema.

"Umetibiwa nini?"

"Malaria mara mbili. Taifodi mara moja. Na mama mmoja hapa alinitapisha kutoa sumu. Nilitapika mpaka nikaona nyota, na sumu haikutoka."

Sajini akachuchumaa. "Sumu gani inaondoka asubuhi na kurudi jioni, kama mtoto wa shule?"

Dhieu ndiye aliyejitosa.

"Kama si ya chupa, sumu ni ya moshi, afande. Yule mama alileta kibuyu, amekifukiza na mti mbaya. Maziwa inaingia, inachukua sumu polepole."

"Kibuyu kiko wapi?"

Arek akaelekeza kwa kidevu. Kibuyu kilining'inia ukutani. Sajini alikishusha akafungua kifuniko. Kilijaa mahindi ya kuku.

"Nilikiosha na sabuni mara tano," Arek alisema. "Kilikuwa kinanuka jiko la yule mama. Sikutia maziwa hata siku moja. Nitakunywa moshi wa mwanamke mwingine kwa nini?"

Dhieu alikitazama kibuyu, akakitazama tena, kisha akatazama nje. Shahidi wake mkuu alikuwa amejaa mahindi.

"Basi maziwa yanakuja na nini?"

Yalikuja na jerikani ya manjano ya lita tano. Ilikuwa pale pale kando ya mkeka, imeletwa asubuhi hiyo na mchungaji kutoka kwenye boma la Ekidor upande wa milima ya Pelekech. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa waya, na waya umepindwa mara nne.

"Nani huwa anakamua?"

"Mimi," Ekidor alisema kutoka nje, akiwa amesimama. "Nikiwa hapa, ni mkono yangu tu. Leo tu ndio mchungaji, kwa sababu nilikuwa Lodwar."

"Na waya?"

"Ili mtu asionje. Hapa kuna vijana wengi. Leo anaonja maziwa ya bibi yangu, kesho ataonja nini?"

"Hata kaka yake?"

Dhieu akacheka bila furaha. "Mimi nakunywa chai, afande. Miezi sita nalala hapa mlangoni, namsikia akimeza."

"Na wewe ni mzima?"

"Mzima kabisa. Mwenye njaa, lakini mzima."

Sajini akamgeukia Arek. "Mnachemsha?"

Arek aliinuka kwa kiwiko, mgonjwa vile vile, na macho yakawaka.

"Kuchemsha ni ya yule mama wa chai. Yeye anachemsha maziwa, anachemsha majani, alichemsha bwana mpaka bwana akakimbia. Mimi sinywi kitu ya kupita kwa sufuria. Ekidor aliniambia mwenyewe, maziwa na povu ni ya mke anayependwa."

Ekidor, huko nje, aligundua ghafla kwamba kuna kitu cha kuangalia angani.

"Mbuzi waliotupa mimba ni wangapi?" Sajini aliuliza.

"Kumi na mmoja," Dhieu akajibu. "Wakati wa mvua. Shemeji aliwasaidia mwenyewe, kwa mikono. Halafu akanawa na mchanga, akaendelea kukamua."

"Hao hao?"

"Hao hao. Maziwa ilikuwa bado inatoka."

Sajini akatazama saa. Saa sita na robo. Akaifunga jerikani kwenye mfuko wa ushahidi, akampa Arek mkono ainuke, akamwambia Ekidor atangulie kwenye gari na magoti yake.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha maabara, feni moja na Lokiru mmoja, mtu mwembamba aliyezoea kuelezea mambo kwa watu wasiomsikiliza. Sajini alimweleza yote kwa dakika tatu. Lokiru hakuuliza swali ila moja: mbuzi walitupa mimba mapema au siku za mwisho?

"Za mwisho," Dhieu alisema.

Lokiru akamtoa Arek damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka maji ya damu yakajitenga juu, akadondosha tone kwenye kadi nyeupe. Kando yake akadondosha tone la dawa ya rangi ya waridi. Akachanganya kwa kijiti, akaanza kuitikisa kadi taratibu.

"Dakika nne. Ikibaki laini, hana. Ikishikana vipande kama maziwa yaliyokatika, ni brusela."

"Hiyo ni sumu?" Arek aliuliza.

"Ni kidudu. Kinakaa kwenye mbuzi, kinatupa mimba za mbuzi, kinashuka kwenye maziwa." Kadi ilikuwa inaenda huku na huku. "Mwilini kuna walinzi unaozaliwa nao, hawahitaji kufundishwa. Kidudu kikiingia wanakimeza kizima, wanakifungia kwenye kijifuko ndani ya seli, wanakimwagia tindikali. Tisa kwa kumi, mambo yanaishia hapo."

"Na wa kumi?" Sajini aliuliza.

"Wa kumi ndiye kesi yako. Vidudu vingi vina koti ambalo mlinzi akiligusa tu anapiga filimbi. Huyu koti lake halimshtui mtu. Anamezwa kimya kimya. Akishafika ndani anakisogeza kile kijifuko, kidogo kidogo, mpaka upande wa jikoni, pale seli inapopikia vitu vyake. Hapo anakula na kuzaa. Mlinzi naye anaendelea na doria. Anafika kwenye ini, kwenye mifupa, kwenye tumbo la uzazi, na amembeba."

"Askari anazunguka na mwizi tumboni."

"Na mwizi anaona nchi bila nauli."

Arek aliweka mkono chini ya kitovu, akauacha hapo.

"Sasa homa ni ya nini?" Dhieu aliuliza. "Kama hawajui yuko ndani?"

"Wanakuja kujua. Ndani ya seli kuna vitambuzi vingine, kama waya wa king'ora chini ya mkeka. Vipande vya kidudu vikivuja, vinaukanyaga. Seli inapiga kelele kuita wenzake, na mwili unapandisha joto. Seli nyingine inajipasua yenyewe kwa makusudi, ili kilichomo kimwagike nje kionekane."

"Inachoma nyumba ili mwizi atoke."

"Afande, ungekuwa daktari. Halafu kuna walinzi wauaji, hao wanamtumia ujumbe yule aliyemeza, wanamtia ukali, aanze kuua alichonacho tumboni. Vita vikipamba moto, homa inapanda. Vikitulia, inashuka. Lakini kidudu hakitoki. Mpaka dawa mbili pamoja, wiki sita, bila kuruka siku."

"Na sumu?"

"Sumu ukinywa leo, kesho imepungua. Sumu haizai."

Sajini aliliandika hilo kama lilivyo. Kisha akainama juu ya kadi. Rangi ya waridi haikuwa laini tena. Ilikuwa imekatika vipande vipande, mpaka kando.

"Walinzi wanaokuja baadaye, wale waliofundishwa, huacha alama kwenye damu," Lokiru alisema. "Kadi inasoma alama. Hii imesoma kwa sauti."

"Kwa hiyo," Arek alisema polepole, "yule mama hakunitia kitu."

"Hajawahi kuyagusa maziwa yako. Aliyeyagusa ni mmoja tu, na alifunga waya."

Wote wakamtazama Ekidor, aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Mimi nilimpenda," Ekidor alisema. "Kuna kosa?"

"Hakuna. Kunja mkono wa jaketi."

"Mimi siumwi."

"Mzee, tuko kwenye joto la kukaanga yai na umevaa jaketi. Umetoka Lodwar kwa magoti. Kuku anataga kwenye kiti cha pikipiki yako, na kuku hatagi mahali panapokaliwa. Tangu lini hupandi?"

Ekidor akatazama mabati. Lokiru, ambaye alikuwa ameshaelewa, aliwaomba Arek na Dhieu watoke kidogo. Arek alitoka kwa kusita, shingo ikibaki nyuma.

"Miezi miwili," Ekidor alisema, sauti imeshuka. "Huku chini, upande wa kushoto. Imevimba kama tunda la mkoma. Nilijua ni Akaale. Nani mwingine anaweza kunifunga huko? Arek aliuliza kwa nini sikaribii, nikamwambia nimechoka. Akasema nina mwanamke wa tatu, kule mjini Lokichoggio."

"Ukaona heri mke mmoja afungwe jela kuliko wewe umwonyeshe daktari."

Ekidor alikunja mkono wa jaketi. Kadi ya pili haikungoja dakika nne. Kwa mbili ilikuwa imeshashikana.

"Hiyo nayo ni brusela," Lokiru alisema. "Inapenda kujificha huko kwa wanaume. Itapona, mzee, ukimeza dawa. Na mbuzi waonwe na daktari wa mifugo kabla hujakamua tena."

Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Nje, kicheko cha Dhieu kilipasuka, kikafuatwa na kofi, na sauti ya Arek ikiuliza, "Kwa hiyo hakuna wa Lokichoggio?"

"Hakuna!" Ekidor akapiga kelele kutoka ndani.

"Wallahi?"

"Nitaenda Lokichoggio na nini?"

Lokiru alichota maziwa kidogo kutoka kwenye jerikani, akayafunga kwenye chupa ya sampuli na lebo. Jerikani akaifunga tena kwa ule waya, akamrudishia Sajini. Saa tisa na dakika kumi Sajini alipiga simu kituoni Lodwar akasoma maelezo yake neno kwa neno, na ofisa wa zamu akaandika: hakuna sumu, hakuna kosa, aachiliwe.

Kabla gari halijaondoka, Arek alikuja dirishani na vidonge vyake ndani ya karatasi. Alitazama magurudumu wakati wa kusema.

"Mwambie yule mama... Mwambie kibuyu kiko. Nitatoa mahindi."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu Sajini alipofika kwenye kibanda cha stendi. Akaale alikuwa ameshawasha moto. Wale mashahidi kumi na wawili walikuwa wamerudi wote, wanakunywa chai kimya kimya, na kila mmoja alikuwa ameongezewa sukari kuliko alivyotaka.

Sajini alimweleza yote, kando, kwa sauti ya chini. Akaale alisikiliza mpaka habari ya Arek ikaisha, akatikisa kichwa.

"Mimba nayo?"

"Ndiyo. Ni hicho hicho kidudu."

"Hiyo sikuomba," Akaale alisema. "Nywele niliomba. Hiyo sikuomba." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na Ekidor naye amepata?"

"Amepata."

"Wapi?"

Sajini alitazama pembeni, akamwambia. Akaale alikaa kwenye ndoo. Mabega yalianza kutikisika, machozi yakamtoka, na wateja wawili wakainuka kumsaidia wakidhani analia.

Alipopata pumzi alinyoosha kidole kwenye jerikani ya manjano iliyokuwa mkononi mwa Sajini. "Ndiyo yenyewe?"

"Sampuli imeshachukuliwa. Haya ni ya kumwaga."

"Fungua."

Sajini akaukunjua waya mara nne. Barabara ilikuwa imeyatikisa maziwa njia nzima, na juu yake povu lilikuwa limejaa mpaka shingoni, jeupe, laini. Akaale aliinama akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Naweza kuonja?"

"Hapana."

"Hata kidole?"

"Hata kidole, mama. Mpaka yachemke."

Akaale akachukua jerikani, akayamimina maziwa yote kwenye sufuria, akasukuma kuni ndani. Alisimama juu yake mikono kiunoni. Maziwa yalitulia, yakatetemeka pembeni, kisha yakaanza kuinuka, povu likivimba taratibu mpaka kwenye ukingo.

"Ondoa, mama, yatamwagika."

"Acha lipande kidogo, afande," Akaale alisema. "Nimelingoja miaka ishirini na mbili."